Motokari Iko Natembea

Gari langu lina pande mbili ambazo siku hizi hazijuani. Upande wa kulia, ninapokaa mimi, bado ni Mtanga: rangi ile ile, mlango unafungwa kwa vidole viwili, kioo cha pembeni kiko mahali pake. Upande wa kushoto umeshakuwa Mkongo. Una mkwaruzo unaoanzia taa ya mbele hadi mlango wa nyuma, una mabonde mawili yanayotosha kuwekea yai, na bampa imeshonwa kwa waya kama kiatu cha mwanafunzi.

Kosa ni la usukani. Nilikotoka tunaendesha kushoto, usukani kulia. Kongo wanaendesha kulia. Kwa hiyo hapa Butembo mimi dereva hukaa upande wa mtaro. Mtaro nauona vizuri mno. Nimeshawaamkia akina mama wote wauza parachichi kuanzia Furu mpaka sokoni. Lakini kule katikati ya barabara, kwenye pikipiki, mbuzi na Fuso za mbao, mjumbe wangu ni kioo cha kushoto peke yake.

Si mimi tu. Magari mengi ya hapa yameshuka melini Mombasa au Dar es Salaam, yakakatiza Uganda, yakaingia kwa mpaka wa Kasindi na usukani wake kulia vilevile. Nusu ya mji inaendeshwa na watu waliokaa mtaroni.

Wa kwanza kunigusa alikuwa mtu wa chukudu. Asiyeijua chukudu afikirie baiskeli ya mbao isiyo na pedeli wala kiti, yenye uwezo wa kubeba shehena ya punda watatu. Ilikuwa inashuka kilima na magunia ya makala, yaani makaa. Breki yake ni kipande cha tairi kuukuu ambacho mwenyewe hukikandamiza kwa mguu kwenye gurudumu la nyuma, na kilichobaki humwachia Mungu. Ikanipiga kikumbo mlangoni. Nikajiandaa kukasirika, kisha nikakumbuka kwamba kule Goma chukudu imejengewa sanamu la rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko. Mtu akigongwa na kitu chenye sanamu, akashitaki wapi?

Hata hivyo nilishuka. Nikasema: "Ndugu yangu, umeligonga gari langu na kuubonyeza mlango wake wa kushoto." Watu wakanyamaza. Mzee mmoja akamgeukia mwenzake: "Unasikia? Huyu anasema sawa redio." Wakaniomba nirudie. Nikarudia, tena kwa madaha kidogo, nakiri, na nilipofika kwenye "wake wa kushoto" chukudu ilikuwa imeshapotea na makala yake.

Siku hiyo ndipo nilipojifunza kwamba ajali ya huku ina swali moja tu: "Iko natembea?" Yaani gari linatembea au halitembei. Ukijibu ndiyo, kesi imekwisha, na ukiendelea kusimama pale wewe ndiye mgomvi. Sisi Tanga tuna msamiati mzima wa maumivu ya gari: limekwaruzwa, limechubuka, limebonyea, limepasuka, limeng'oka. Niliujaribu wote. Iko natembea? Inatembea. Basi, pole, kwenda.

Kioo cha kushoto kilikufa Jumanne moja karibu na mzunguko wa VGH. Kijana wa pikipiki, motari kama wanavyoitwa, alikuwa amebeba mabati. Mtu mwenye hofu angeyabeba kwa urefu. Huyu aliyalaza kwa upana nyuma yake, hata ukimwona kwa mbali unadhani anataka kuruka. Nilisikia krrr ikianzia kwenye taa, ikaja polepole kama mtu anayefungua zipu, kisha tak! Kioo changu kikawa kimelala barabarani kinatazama mawingu. Nyuma yangu mtu akapiga kelele: "Moto! Moto!" Nami, Mtanzania, nikaruka nje kutafuta moshi. Moto kwao ni pikipiki.

Nilipoinama kuokota kioo, motari walikuwa kumi. Nilipoinuka walikuwa thelathini. Sijui wanaitana vipi. Hata ndege kwenye shamba la mpunga huchelewa kidogo. Na wote walikuwa mashahidi, mpaka wale waliofika dakika hiyo kutoka Katwa. Mmoja akapima barabara kwa hatua, akatikisa kichwa. Mwingine, mpole kuliko wote, akanieleza chanzo cha ajali: "Patron, wewe unaikala upande mubaya ya motokari." Sikuwa na jibu. Ni kweli naikala.

Kijana mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa. "Papa, pole. Franka sina. Mungu atakurudishia." Nikamuuliza kama Mungu anauza vioo vya kushoto. Umati haukulipenda swali hilo, nikaona heri niingie kwenye gari langu, ambalo, kama walivyonikumbusha kwa sauti moja, lilikuwa linatembea.

Bima ninayo. Nilipovuka mara ya kwanza nilikuwa na Kadi ya Njano ya COMESA, ile inayotambuliwa Tanzania, Uganda na Kongo, nikaitunza kama hirizi. Jioni ile niliisoma kwa mara ya kwanza. Inalipa madhara nitakayowafanyia wengine nikiwa ugenini. Kumbe miaka yote hii nimelipa ili watu wa Butembo walindwe dhidi yangu. Ya kulilinda gari langu dhidi ya Butembo bado haijachaguliwa rangi.

Baba mwenye nyumba wangu, mzee wa Kinande aliyekwenda Dubai kununua vitenge mara nyingi kuliko mimi nilivyokwenda Arusha, alinisikiliza mpaka mwisho. Akaniuliza lile swali lao. Kisha akanishauri nisiende kituoni: "Moto italala kule, motokari italala kule, na asubuhi zote mbili zitaamka na njaa."

Na kuna aibu nyingine, ambayo si ya kuchekea. Kwenye avenyu yetu wanaishi watu waliokimbia mashamba yao upande wa Beni, ambako wanavijiji wamekuwa wakiuawa tangu Oktoba 2014. Mkoa wenyewe uliwekwa chini ya gavana mwanajeshi Mei 2021. Kuna mama anakuja kuteka maji bombani kwetu, ameacha kule kakao iliyokuwa tayari kuvunwa. Ukisimama mbele ya huyo ukaanza na "kioo changu", sauti inakwama yenyewe. Kwa hiyo nilinung'unika ndani, mlango umefungwa, kwa simu, kwa mke wangu aliye Tanga. Akanisikiliza, akauliza: "Kwani halitembei?"

Nikaenda duka la vipuri. "Retro ya kushoto?" Muuzaji alinitazama kwa huruma. "Ya kushoto inaishaka. Ya kulia iko." Akanionyesha ukuta mzima wa vioo vya kulia, vimepangwa safu kwa safu, vinang'aa, havina mchumba. Niliuona uso wangu uliokasirika mara arobaini. Hesabu ni rahisi ukishaielewa: mji mzima unavunja kushoto, na kulia hakuna wa kukuvunja isipokuwa mtaro. Cha kushoto ingebidi kiagizwe Kampala, soko la Kisekka, kije kwa basi hadi Mpondwe, kivuke. Dola arobaini, nusu kwanza.

Nikatoa noti ya dola ishirini. Akaishika kwa pembe mbili, akaiinua juani, akaigeuza, akaipitisha kidole ukingoni kama kinyozi anayejaribu wembe. Akanirudishia. "Iko na kapasuko." Nikatazama. Palikuwa na mchaniko wa urefu wa mguu wa sisimizi, juu kidogo ya nywele za Rais Jackson wa kwenye noti.

"Lakini inatembea!" nikamwambia.

Hakucheka. Na hapa naomba msomaji anivumilie, maana jambo hili linanikosesha usingizi kuliko mkwaruzo wenyewe. Gari la tani moja na nusu liking'olewa jicho mchana kweupe, hilo ni pole. Karatasi ikiguswa na ukucha, hiyo imeharibika, haifai, itafutiwe mganga. Nimeona wafanyabiashara wazima wakiziweka dola ndani ya kitabu cha sala zisipate kunjo. Nimeona mtu akikataa noti kwa sababu ya alama ya wino ndogo kuliko chawa, kisha akapanda pikipiki isiyo na taa, isiyo na honi, ambayo tangi lake limefungwa kwa mpira, akaondoka ameridhika. Nimefikiria kuchora picha ya Jackson mlangoni kwangu, pengine nitapishwa njia. Noti yangu niliipeleka kwa wabadilisha fedha wa barabarani. Wakaichukua kwa kumi na saba, huku wakinipa pole ya kweli, ile ambayo gari halikupata.

Jumapili, baada ya misa, walikuja wageni wanne: kijana wa mabati, mama yake, mjomba wake, na mkubwa wa motari wa kijiweni kwao. Walileta kuku mmoja na maharage kwenye kitambaa. Baba mwenye nyumba akaitwa. Tukaulizana habari za nyumbani, za mvua, za bei ya makala. Kioo kilitajwa katika saa ya pili, tena kwa kuzungukwa. Franka hakuna, akasema mjomba, na ile pikipiki mwenye mali ameichukua kwa sababu kijana hakutimiza hesabu ya siku ile. Lakini mjomba alikuwa amefanya utafiti.

"Wewe unashukaka Beni kila Alhamisi kununua kakao. Huyu aikale kushoto, akuangalilie njia. Atakuwa retro mpaka retro ifike."

"Wasingya!" akashukuru baba mwenye nyumba kwa Kinande, kana kwamba kioo kilikuwa chake. Nililitafutia pendekezo lile kasoro. Sikuipata. Kuku akaachwa.

Butembo hadi Beni ni kilomita 54. Ni sehemu ya zile kilomita 223 ambazo marais Museveni na Tshisekedi walizizindua kule Mpondwe Juni 2021 ili ziwekwe lami. Zangu mimi nimezihesabu kwa uti wa mgongo. Alhamisi ya kwanza kijana alikuja amevaa shati jeupe. Akakaa, akatoa kichwa nje, akaanza kazi: "Ngoja... ngoja... kuna moto na mbuzi... pita!" Na niseme ukweli ingawa unaniuma: ni kioo bora kuliko kile cha Japani. Kile kilinionyesha kuna lori nyuma. Huyu ananiambia: "Patron, nyuma kuna Fuso. Dereva wake alikunywa jana, umuache atangulie." Kwenye miteremko ya Kabasha nimemwacha atangulie, na nimefurahi.

Hasara zake ni kwamba kioo hakina shangazi. Huyu anao wawili Maboya, na tunasimama. Halafu kuna huruma yake. Beni, karibu na soko la Kilokwa, baiskeli yenye mikungu ya ndizi ilitukwaruza kwenye bonde lile lile la zamani. Nilikuwa ndiyo kwanza nafungua mdomo, sentensi yangu ya redio iko tayari na ngeli zake zote, nikasikia kioo changu kinasema kwa nje: "Kwenda tu, mama, hakuna shida. Iko natembea." Kimesamehe kwa niaba yangu, kwa gari langu, mbele yangu.

Kioo cha Kampala kilifika baada ya wiki saba, kimefungwa kwenye gazeti. Alhamisi iliyopita nilimwonyesha kijana. Alikigeuzageuza, akakipitisha kidole ukingoni, akakirudisha ndani ya gazeti lake. Akatoa daftari dogo mfukoni. Retro ilikuwa dola arobaini, alisoma. Safari moja mjomba aliipigia dola kumi. Tumekwenda Beni mara saba. Deni liliisha safari ya nne, pale pale Kabasha, na tangu siku hiyo mimi ndiye ninayedaiwa. Dola thelathini.

Akaongeza, kwa upole sana, kwamba anapokea noti safi tu.