Barua ya Wazi kwa Kamati Kuu ya Mtaa Wetu

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti na Waheshimiwa Wanakamati,
Muungano wa Wakazi,
Mavoko, Kaunti ya Machakos.

MINT: OMBI LA KUWANIA KITI CHA MWEKA HAZINA

Natumai barua hii itawakuta maji yakiwa yamefika kwenu. Kwetu upande wa chini bado, ila hilo silo lililonileta.

Nimesoma tangazo lenu mlilobandika getini kwa seloteipu, juu ya lile la mbwa aliyepotea. Linasema nafasi zote za kamati zitajazwa "tarehe itakayotangazwa", maneno yale yale ya mwaka jana. Wakamba husimulia kwamba nabii Syokimau aliiona reli kabla haijaja, nyoka mrefu atokaye baharini, na jina lake ndilo lililopewa stesheni ya jirani iliyofunguliwa 2012. Sidhani hata yeye angethubutu kuitabiri tarehe ya mkutano wenu mkuu.

Masharti nimeyapenda. Ada ya uteuzi ni shilingi 20,000, bei ya haki kabisa. Mwaka 2022 tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtoza mwaniaji wa udiwani shilingi 5,000 na wa ubunge shilingi 20,000. Mbunge wa Mavoko ana Mlolongo, Athi River, Kinanie na Muthwani. Mweka hazina wetu ana mageti mawili, kisima, na lori la taka linalokuja likipenda. Kumlinganisha na mbunge ni unyenyekevu wenu tu. Mngetoza 50,000 za ugavana, nani angeuliza?

Sharti la pili ni cheti cha kutodaiwa, ambacho hutiwa sahihi na mweka hazina. Yaani yule yule ninayetaka kumwondoa. Nilimwendea jioni, akanipokea vizuri, akaniitishia chai. Kisha akafungua daftari jeusi lililoliwa kona, akashusha kidole ukurasa mzima, akanitajia deni la "maboresho ya usalama". Nikamuuliza deni hilo ni la tangu lini. Hakusema neno, alichukua kalamu ya bluu akaliandikia tarehe pale pale, mbele ya macho yangu, kisha akapuliza wino ukauke. Nikalipa. Hapo ndipo nilipoambiwa kwamba cheti hakina maana bila muhuri, muhuri uko kwa mwenyekiti, na mwenyekiti amekwenda mazishini Masii, haijulikani atarudi lini.

Mpangaji, mnasema, hapigi kura. Analipa pesa ya soja, ya taka na ya kisima sawa na mwenye nyumba, lakini siku ya kura anakumbushwa kuwa ni mgeni. Na asiyetaka kujiunga na muungano hafunguliwi geti. Kifungu cha 36 cha Katiba ya 2010 kinasema mtu hatalazimishwa kujiunga na chama cha aina yoyote. Bila shaka walioiandika hawakuwa wakilala nyuma ya geti lenu.

Kilichonifurahisha kupita vyote ni namna ya kupiga kura: kila mtu atapanga foleni nyuma ya mwaniaji wake. Hapo mmepatia mahali. Mji wa jirani unaitwa Mlolongo, na wenyeji watakwambia ni kwa sababu ya foleni ya malori kwenye mizani ya barabara kuu. Mlolongo ndilo jina pia ambalo Wakenya waliupa uchaguzi wa 1988, chama cha KANU kilipowapanga wapiga kura mistari mchana kweupe. Aliyefikisha asilimia 70 alihesabiwa kuwa amepita bila kupingwa, na kuna mahali mstari mfupi ulitangazwa kuwa mrefu, watu wote wakiutazama. Kwetu kazi itakuwa nyepesi zaidi, kwa kuwa orodha ya zamu za boza la maji anaishika katibu wenu. Mama mwenye mitungi mitupu na nguo za shule hazijafuliwa atajua mwenyewe asimame nyuma ya nani.

Nasikia pia kwamba mimi ni mchochezi. Nasema nasikia kwa sababu mliandika hivyo kwenye kikundi cha WhatsApp, kisha mkanitoa kabla sijajibu. Kosa langu ni kuomba kuona vitabu vya hesabu. Waheshimiwa, watu wa Mavoko huuliza karatasi kwa sababu wameona. Novemba 2011 matingatinga yaliangusha nyumba Syokimau, kwenye ardhi ambayo serikali ilisema ni ya uwanja wa ndege, wenyewe wakiwa na hati mkononi. Oktoba 2023 yakashuka Athi River, kwenye ardhi ya kiwanda cha saruji cha East African Portland. Baada ya hayo mnategemea mtu atoe pesa kila mwezi asiulize zinakwenda wapi?

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inataka mkutano mkuu angalau mara moja kwa mwaka, na hesabu ziwekwe mbele ya wanachama. Mmesajiliwa chini ya sheria hiyo hiyo. Cheti kinaning'inia kwenye kibanda cha soja, juu ya jiko lake la makaa, na ingawa moshi umekila, jina la sheria bado linasomeka.

Manifesto yangu ni fupi. Lami siahidi, wala maji, maana hata walio na bajeti ya kaunti nzima yamewashinda. Nitabandika taarifa ya benki getini kila mwezi, na nitaeleza kwa nini mtaa mzima unalipia taa ya sola inayomulika mlango wa mtu mmoja. Basi.

Naomba mnijibu mawili: mkutano ni tarehe ngapi, na muhuri utarudi lini kutoka Masii. Ile ada ya shilingi 20,000 nililipa siku ile ile tangazo lilipotoka. Risiti sijapewa.

Wenu mtiifu,
Mwaniaji, upande wa chini.