Sifa za Rangi Isiyobadilika

Faili la CSS ndilo linaloamua rangi na herufi za tovuti. Mtu wa Tabora akigeuza kijani kuwa bluu, kivinjari huenda kikamwonyesha kijani kilekile, kwani kimetunza nakala ya zamani katika akiba yake. Huo ni uaminifu. Hata barua alizoandikiwa mpelelezi Livingstone, zilizofungwa Zanzibar Novemba 1870, zilipumzika Bagamoyo, zikapumzika tena Kwihara, karibu na Tabora, kabla mwandishi wa habari Stanley hajazifikisha Ujiji Novemba 1871, na hakuna aliyeziambia zibonyeze Ctrl na F5 kulazimisha nakala mpya. Akiba ya kivinjari ikifutwa na kijani kikabaki, baadhi ya wenye seva hueleza kwa upole kwamba CSS ya mteja huhifadhiwa kwenye kifurushi cha kulipia tu. Kisanduku cha kuiandikia, kwa ukarimu, huachwa wazi kwa wote.