Namna ya Kumkausha Mteja Kabla ya Mnada

Hongera kwa kuajiriwa, afisa mikopo mpya. Mtaani wanatuita kausha damu. Usinune, ni tangazo la bure. Piga pasi shati, jaza mafuta kwenye pikipiki, kisha shuka Mtawanya na Mikindani, hapa Mtwara. Nenda Julai.

Julai hela za korosho za msimu uliopita zimeshakwisha, na minada ya msimu mpya ni mpaka Oktoba. Mama lishe anapikia watu wanaokula kwa kuandikwa daftarini. Mwenye duka amekopesha sukari na sabuni mtaa mzima. Wote watalipwa korosho zikilipwa. Sasa wewe wape mkopo wa wiki 10, marejesho kila Jumatatu, uishe Septemba. Mkopo wa kulipwa Desemba humsaidia mkopaji, na sisi hatukuja kwa ajili hiyo.

Mfuate mama lishe saa saba mchana, foleni imejaa na mafuta yameshapata moto jikoni. "Mama, milioni moja, unarudisha laki na ishirini tu kwa wiki." Hiyo "tu" itamke taratibu. Akiuliza riba, mwambie asilimia 20, uishie hapo. Usimweleze kwamba inahesabiwa juu ya milioni nzima hata wiki ya mwisho, deni la msingi likiwa limebaki laki moja. Fomu, bima na ada ya kushughulikia mkopo, jumla laki moja, kata juu kwa juu. Atapokea laki tisa, atarudisha milioni moja na laki mbili. Mkataba uwe wa Kiingereza. Atatia sahihi amesimama, mwiko mkono wa kushoto.

Kuna kero moja. Benki Kuu imewawekea wakopeshaji wa daraja la pili, wasiopokea amana kama sisi, ukomo wa riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni moja, wiki 10, hiyo ni kama elfu themanini. Utaishije? Kwenye karatasi za mkaguzi, basi, riba iwe hiyohiyo ndogo. Kinachobaki kiite ada ya ufuatiliaji na ushauri wa biashara. (Ushauri wenyewe ulikuwa kumwambia akope.)

Dhamana: piga picha jokofu, viti, na godoro analolalia. Wadhamini wawe wenzake wanne wa kikundi. Hao watamdai kwa ukali kuliko dalali yeyote, maana wanaonana kila siku kisimani na msibani.

Wiki ya sita atakwama. Mpe nyongeza: mkopo mpya wa kufuta wa zamani, makato yaanze upya. Akikwama tena, atauza korosho za shambani kwake zingali mtini kwa mnunuzi wa kangomba, kwa bei ya kutupa. Serikali imekataza kangomba, nawe huhusiki. Hukumwambia auze, ulimwambia alete marejesho Jumatatu.

Mshindani wetu ni ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, isiyo na riba, ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Iliposimamishwa Aprili 2023 tulinenepa. Iliporudi 2024 tukashtuka kidogo, kisha tukakumbuka kwamba kule kuna kusajili kikundi, kuandika andiko, kusubiri. Sisi tunatoa leo.

Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza majukwaa 69 ya mikopo ya mtandaoni yasiyo na leseni, na tangu hapo wateja wengine wamejua kuuliza leseni. Waonyeshe leseni ya biashara ya manispaa: ina nembo, ina muhuri, na ukiitia fremu inapendeza. Wengi huridhika. Anayeng'ang'ania ya Benki Kuu mwambie ipo makao makuu. Akikujibu kwamba Benki Kuu ina tawi hapahapa Mtwara, huyo muage kwa heshima, uende kwa jirani yake.