Bendera Kwanza, Idhini Baadaye: Barua ya Wazi kwa Spika wa Bunge la Kitaifa

Mheshimiwa Spika,

Mwandishi wa barua hii ameketi ufuoni Dunga, Kisumu, kwenye benchi la mama anayekaanga ngege, mkononi ana nakala ya Katiba ya 2010 iliyoingia mafuta pembeni. Hapa mitumbwi ina namba ubavuni na kamati ya ufuo ina daftari lake. Watu wa Dunga ni wa kizamani: wanaamini ruhusa hutafutwa mtumbwi ukiwa bado umefungwa, si baada ya taa yake kupotelea gizani.

Bunge lako tukufu limestaarabika zaidi. Kifungu cha 240(8) kinalipa Baraza la Usalama wa Kitaifa uwezo wa kupeleka majeshi nje ya nchi kwa idhini ya Bunge. Wasiojua sarufi hudhani idhini hiyo hutangulia safari.

Oktoba 16, 2011 wanajeshi walivuka mpaka kuingia Somalia katika Operesheni Linda Nchi. Siku moja kabla, mawaziri George Saitoti na Yusuf Haji walikuwa wamewatangazia wanahabari. Haraka ilikuwa na sababu, tuseme kweli: watu walikuwa wametekwa Lamu na Dadaab. Lakini wabunge walipiga kura Desemba 7, tena kuidhinisha wanajeshi waliokwisha kuingia wajiunge na AMISOM, kikosi cha Umoja wa Afrika. Omena hukauka juani kwa siku moja au mbili. Idhini ilichukua wiki saba.

Kwa Kongo mwendo uliboreshwa. Novemba 2, 2022 Rais Ruto alikabidhi kikosi bendera pale Embakasi, kamera zikimulika, na Novemba 9 Bunge likaidhinisha safari ya wanajeshi zaidi ya 900. Tarehe 12 wa kwanza walitua Goma. Wiki moja tu ya kuchelewa! Lakini ni mbunge gani angesimama kuwaambia watu walioshika bendera warudi kambini wakavue buti?

Kisha ikaja Juni 25, 2024. Siku hiyo polisi wa kwanza wa Kenya walitua Haiti kutuliza mji wa watu, na Nairobi vijana waandamanaji wakaingia ndani ya Bunge. Waziri wa Ulinzi, Aden Duale, akatangaza katika gazeti rasmi la serikali kwamba jeshi, KDF, linaitwa kusaidia polisi. Hapa msomaji wa Dunga alifuta mafuta kwenye ukurasa. Kifungu cha 241(3) kina milango miwili: mmoja wa dharura na maafa, ambapo jeshi hutoa taarifa tu kwa Bunge, wa pili wa kurejesha amani penye vurugu, ambao haufunguki bila idhini ya Bunge. Serikali ilipita ule wa kwanza, kana kwamba vijana wale walikuwa mafuriko ya Nyando. Bunge likabariki kesho yake. Siku iliyofuata Jaji Lawrence Mugambi aliruhusu wanajeshi wabaki, ila akaiamuru serikali ieleze kwa siku mbili kazi yao ni ipi na itadumu kwa muda gani. Swali hilo, Mheshimiwa, lilikuwa la wabunge kuuliza.

Ng'ambo ya ziwa, Katiba ya Uganda inamtaka Rais apate theluthi mbili ya wabunge wote kabla ya kutangaza vita. Akibanwa na wakati, ana saa 72 za kwenda kuomba. Tanzania humpa Spika siku 14 kuitisha Bunge baada ya tangazo. Wao angalau wameandika saa ya kuchelewa. Sisi yetu tunaitunga njiani.

Ombi ni moja. Safari ijayo, bendera ibaki kabatini mpaka kura zihesabiwe, na azimio litaje idadi ya askari, gharama na siku ya kurudi. Mwandishi atakuwa benchi hilihili, redio ikiwa wazi, akisikiliza kikao.

Wako mtiifu,
Mkazi wa Dunga