Dakika Thelathini za Bidoni ya Njano

Uvira, jiji la mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, imeketi ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, lenye urefu wa kilomita zipatazo 670 na kina kinachofika mita 1,470, ambalo peke yake lina takribani moja ya sita ya maji baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Hata hivyo mwanafunzi wa vyuo vya jiji hilo huweza kuingia mtihani wa saa mbili asubuhi akiwa na koo kavu kama chaki. Wala si mtu asiyejua. Aghalabu ni wa fani ya afya, awezaye kueleza kwa ufasaha kwamba kipindupindu huletwa na vibrio, yaani bakteria wenye umbo la mkato wanaosafiri katika maji yaliyoingiwa na kinyesi, kisha akatoka nje na kugida kikombe cha kwanza anachopewa.

Tegemeo lake la kwanza ni bomba, ambalo maji yake hutoka Mto Mulongwe, husafishwa na kusukumwa kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika, au mvua ikiujaza mto tope, bomba hukohoa mara mbili, hutema upepo na kunyamaza. Utafiti uliotumia takwimu za Uvira za mwaka 2009 hadi 2014 ulionyesha kwamba siku moja bila maji ya bomba, ikilinganishwa na siku ya uzalishaji kamili, ilifuatwa na ongezeko la asilimia 155 la waliolazwa kwa kushukiwa kuwa na kipindupindu katika siku 12 zilizofuata. Bomba likinyamaza, ndipo bidoni ya njano, dumu la lita 20 lililoanza maisha likiwa na mafuta ya kupikia, huteremshwa ziwani, ambako msimu wa ugonjwa husimama mtu mwenye bomba la sindano, akapima klorini, akaisukuma ndani ya bidoni na kuagiza kwamba maji yasinywewe kabla ya dakika 30. Dakika hizo mwanafunzi huzihesabu kuanzia alipotoka nyumbani.

Mwenye subira huchemsha, lakini sufuria ya chumba ni moja, na iliyopika ndagala, dagaa wa ziwani, jana ndiyo inayochemsha maji leo, hivyo wenzake hunywa mchuzi baridi usio na chumvi kwa siku mbili. Kuchemsha huua vibrio, hilo halina ubishi. Ila makaa ya kuchemshia hutoka kwenye miti ya milima iliyo juu ya jiji, mlima uliovuliwa miti hauzuii udongo, udongo huingia Mulongwe, na tope la Mulongwe ndilo linalonyamazisha bomba, ndiyo maana makaa yakanunuliwa. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020 mto huohuo ulivunja kingo ukaua makumi ya watu, na hapo kicheko hukatika.

Anayeyakwepa yote hayo hununua maji ya kiwandani, ya sasheti au ya chupa, akajiona mheshimiwa hadi faranga zimwishie. Amri ya serikali ya tarehe 30 Desemba 2017 ilipiga marufuku mifuko na sasheti za plastiki, lakini sasheti hazisomi amri, nazo huonekana zikiogelea mitaroni kuelekea ziwani. Chupa tupu, kwa upande wake, haitupwi: hujazwa maji ya bidoni, huwekwa mezani na lebo yake ingali inang'aa, na mgeni hukaribishwa humo akashukuru sana. Msomaji atakayeheshimiwa hivyo na akitazame kwanza kifuniko, kama muhuri wake haujakatika.