Reli ya Sebuleni

Treni ya vitofali vya LEGO ilianza mwaka 1966 huko Denmark, mota yake ikila betri za volti 4.5, mwaka 1969 ikaja ya volti 12, umeme ukipita relini. Kwa Iringa mjini, ambako reli haifiki, hilo si dogo. Reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975, ilipita Mlimba ikapandia Makambako hadi Mbeya, Iringa ikabaki na mabasi yake. Reli ya plastiki, upana milimita 38 hivi, inaziba pengo hilo bila fidia ya shamba la mtu. Mbeya nako, kwenye reli ya milimita 1,067, injini ni za dizeli. Ya umeme ni hii ya LEGO, inazunguka miguu ya kochi. Umeme ukikatika, ile ya betri haina habari. Ila haibebi shaba kama TAZARA, wala gunia la viazi.