Muulize Mzee wa Vitenzi

*Mzee, mwanangu yuko P7 hapa Dadamu. Kaandika "the teacher teached us", mwalimu akampigia mkasi. Mtoto anabisha: kama "preached" ni sawa, "teached" ina kosa gani? Nimekosa la kumjibu. — Mama Muuza Muhogo*

Mama, mtoto wako ana akili, na ndiyo itakayomponza. Alianza shule kwa Kilugbara hadi P3, leo anamshika Mwingereza koo kwa kanuni yake mwenyewe! Lakini mtihani wa UNEB hauna alama za ubishi. Aandike "taught".

Vitenzi vikaidi, yaani visivyofuata kanuni ya "-ed", ni vile vinavyotamkwa kutwa kucha: go, eat, give, see, buy. Vinatajwa mno, hakuna anayepata nafasi ya kuvisahau. Vinavyotajwa kwa nadra ndivyo hunyooshwa. Hata "help" zamani kilikuwa na "holp" yake, siku hizi ni "helped" na hakuna aliyelia. Kwa hiyo asimeze orodha nzima usiku mmoja. Mpe sentensi za nyumbani, jioni mkimenya muhogo: "Mama went to Arua. She bought soap. I ate her change." Hiyo ya mwisho akiisema bila kosa, hesabu chenji yako.

*Mzee, nina bucha Koboko, njia ya Oraba. Ubaoni nimeandika "Fresh goat, hanged this morning". Walimu wanapita wakicheka, na hawanunui. — Mwenye Bucha*

Ndugu yangu, mbuzi huyo alihukumiwa na mahakama gani? "Hanged" ni ya binadamu aliyenyongwa. Nyama, nguo na picha ya ukutani ni "hung". Futa maneno yote, bakiza "Fresh goat". Kwamba ananing'inia, wateja wanajionea. Walimu wasubiri mwisho wa mwezi, watanunua tu.

*Mzee, albamu ya harusi yetu imechapwa "The day we wedded". Shemeji yangu, msomi wa chuo, anasema ni "wed", tuichape upya. Fundi anadai pesa nyingine. — Bwana Harusi, Adumi*

Bwana Harusi, tuliza moyo. Mwaka 2007 watafiti wa Harvard waliandika katika jarida la Nature kwamba walifuatilia vitenzi vikaidi 177 vya Kiingereza cha kale, wakakuta 98 tu ndivyo vinavyokaidi hadi leo. Wakakisia pia ni kipi kitakachofuata kusalimu amri. Ni "wed" hicho hicho! Kamusi zinakubali "wed" na "wedded" pia, kwa hiyo fundi wako hana kosa na mkeo hana aibu. Mlipe salio lake, uchukue albamu. Shemeji akizidi kung'ang'ania, mwambie nakala ya pili anailipia yeye, taslimu, kabla mashine haijawashwa.